Paa Linavuja, Mwenye Nyumba Yuko Kimya

[Muziki wa kufungua kipindi, kisha unapungua]

Popote ulipo, Kiziba, Kigeme, Mugombwa, Nyabiheke, Mahama, au pale Nyarushishi ukingoja kupelekwa kambini, sogeza redio karibu. Na wewe unayesoma karatasi hii ubaoni, au uliyeipokea kwa jirani, karibu pia. Msomee na yule asiyejua kusoma.

Leo tuna neno na wale waliotoka kambini wakapanga nyumba, na wale wanaofikiria kutoka. Tunajua mko wengi. Kitambulisho cha mkimbizi kinakuruhusu kutafuta kazi Rwanda, na kazi haikufuati hemani. Mmoja ameenda kuchuma chai, mwingine kubeba matofali, mwingine amefungua duka la mihogo na sabuni. Jioni lazima ulale mahali, na mahali hapo ni pa mtu mwingine.

Tulipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja, sitamtaja jina. Amepanga vyumba viwili Butare. Siyo ile Butare ya chuo kikuu, ambayo tangu 2006 inaitwa Huye ingawa wazee hawajakubali kuiacha. Hii ni Butare ya wilaya ya Rusizi, Cyangugu ya zamani, juu milimani upande wa msitu wa Nyungwe, ambako mvua ikianza Septemba watu wanasahau rangi ya jua. Mama anasema alilipa kodi ya miezi mitatu mbele. Mvua ya kwanza ilipopiga, maji yalishuka mahali pawili, pamoja juu ya kitanda cha watoto. Akaweka sufuria. Ukuta wa nyuma ukaanza kulowa kutoka chini. Mtoto mdogo anakohoa wiki ya tatu. Alipomwambia mwenye nyumba, alijibiwa hivi: "Mama, hata kambini si mlikuwa mnanyeshewa?"

Halafu anatuuliza: "Nina haki ya kudai, au ninyamaze kwa sababu mimi ni mkimbizi?"

Mama, una haki. Nitaeleza inatoka wapi na jinsi ya kuitumia bila kujikuta nje na godoro kichwani.

Kwanza hilo la ukimbizi. Ukilipa kodi, mbele ya mwenye nyumba wewe ni mpangaji. Faranga zako hazina alama ya hema. Rwanda iliingia katika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 tarehe 3 Januari 1980, na kifungu cha 16 cha mkataba huo kinasema mkimbizi ana njia ya kufika kortini bila kizuizi. Kifungu cha 21 kinagusa nyumba kabisa: mkimbizi aliye nchini kihalali atendewe vizuri kadiri inavyowezekana, asiwekwe chini ya mgeni mwingine. Sikwambii umpigie mwenye nyumba kelele za vifungu. Nakwambia ili moyo wako utulie unapobisha mlango wake.

Sasa, nani anatengeneza nini? Hapa watu wengi wanagombana bure. Desturi ya huku na ya kwetu Kongo inakaribiana: nyumba yenyewe ni mzigo wa mwenye nyumba, yaani paa, kuta, msingi, milango, choo cha shimo kikijaa au kikititia. Vitu vidogo vya kila siku ni vyako wewe unayekaa ndani. Kioo kilichovunjwa na mpira wa mtoto wako ni chako. Kitasa ulichokivunja uliposahau ufunguo ni chako. Balbu ni yako. Lakini bati lililooza kwa miaka, na ukuta uliojengwa bila mawe ya msingi, hayo hukuyaleta wewe, uliyakuta.

Rwanda kuna sheria ya mikataba ya 2011, na roho yake ni kwamba mlichokubaliana kihalali kinawafunga wote wawili. Kwa hiyo kinachokulinda kuliko yote ni maneno yaliyoandikwa kabla hujahamia. Wengi wetu tunapanga kwa mdomo. Unapelekwa na mtu anayemjua mtu, unaonyeshwa chumba jioni taa imezimika, unahesabu pesa, unapewa ufunguo. Baadaye mkibishana, yeye anasema "alichukua ilivyo", wewe unasema "uliniahidi". Maneno mawili hewani, na mwenye ardhi ndiye anayesikika zaidi.

Kuna jambo ambalo wapangaji wengi hawajalisikia. Sheria ya 2018 ya mapato ya serikali za wilaya, Na. 75/2018, iliweka hivi: wanapohesabu ushuru wa mwenye nyumba, kwanza wanaondoa nusu ya kodi yote aliyopokea mwaka mzima, kwa kuhesabu kwamba nusu hiyo imetumika kuitunza nyumba. Ushuru unaanza kwenye nusu inayobaki, tena ikipita faranga 180,000. Tuseme unalipa 15,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 180,000. Nusu yake ni 90,000. Kama hana nyumba nyingine ya kupangisha, ushuru wake ni sifuri. Maana yake serikali yenyewe ilikubali kwamba sehemu ya pesa zako ni za misumari na mabati. Siyo lazima umtajie. Lakini akikwambia "kodi yenyewe ni ndogo, sitengenezi kitu", ujue kwamba hesabu ya nchi haisemi hivyo.

Tuwe wa haki pia. Wenye nyumba wengi wa milimani siyo matajiri. Ni mjane aliyejengewa na wanawe, ni mwalimu mstaafu, ni mkulima aliyeuza ng'ombe akaweka vyumba vitatu kando ya barabara. Kodi yako ya miezi mitatu ameshalipia shule na mituweli. Unapomwambia "leta bati leo", huenda kweli hana. Ndiyo maana njia nitakayoeleza haianzi na ugomvi.

[Muziki mfupi]

Kabla ya njia hiyo, neno kwa ambaye bado hajapanga. Nenda uione nyumba mchana, na ukiweza nenda siku mvua imetoka kunyesha. Usitazame rangi. Rangi mpya sehemu moja tu ya ukuta, nyingine zikiwa kuukuu, kuna kitu kimefunikwa. Tazama dari au upande wa ndani wa mabati: duara la kahawia, kama chai iliyomwagika, ni njia ya maji. Zima taa, funga mlango, angalia juu. Ukiona nyota mchana, yaani vitundu vya mwanga, kila nyota ni tone. Angalia misumari: ule mpira mdogo chini ya kichwa cha msumari ukishaoza, maji yanapita pale pale hata kama bati ni zima.

Shuka chini sasa. Nyumba nyingi za bei yetu ni za rukarakara, tofali la udongo lisilochomwa. Rukarakara siyo mbaya. Ikiwekwa juu ya mawe, ikapigwa plasta ya sima chini, na paa likatoka nje vizuri, inakaa miaka mingi. Adui yake ni maji ya chini. Bonyeza ukuta kwa kidole karibu na sakafu. Ukiingia kama kwenye ugali wa jana, waage kwa heshima uondoke. Tazama kama maji ya paa yana mfereji au yanaangukia mguu wa ukuta. Na zunguka nyuma. Huku Rusizi nyumba nyingi zimechongewa kwenye mlima: mbele ni uwanja, nyuma ni ukuta wa udongo uliosimama wima, mita mbili au tatu, karibu na dirisha la chumba cha kulala. Udongo huo ukishiba mvua unashuka, na unashuka usiku.

Uliza pia kuhusu nyufa. Wenyeji wa hapa hawajasahau Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko lilipopiga Bukavu na upande huu wa Rusizi na Nyamasheke. Watu walikufa, wengine wakiwa kanisani. Kuna nyumba zilizopasuka siku ile zikazibwa kwa udongo na kupakwa chokaa. Ufa mwembamba wa plasta, kama unywele, usikutishe. Ufa unaopanda kama ngazi kutoka kona ya mlango, unaoingia kidole, huo uogope.

Na jambo moja la paa. Majengo ya zamani yana mabamba mazito ya kijivu, siyo chuma. Hayo yana asibestosi. Serikali imekuwa ikiyaondoa nchini kwa sababu vumbi lake linaharibu mapafu polepole, miaka na miaka. Ukipanga chini ya paa la namna hiyo, usipande, usitoboe, usikate kipande ufanye jiko. Likivunjika, peleka habari akagari. Usimruhusu fundi yeyote alisage kwa msumeno.

Ukisharidhika, andikeni karatasi. Ukurasa mmoja unatosha. Jina lako, jina lake, nambari ya kitambulisho cha kila mmoja, mudugudu, kodi kwa faranga za Rwanda, tarehe ya kulipa, na miezi uliyotanguliza. Halafu hali ya nyumba siku hiyo: "paa linavuja chumba cha pili, mlango wa nyuma hauna kitasa." Halafu nani atatengeneza, na mwisho lini. Wote wawili watie sahihi, na shahidi mmoja. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, lakini kama unaweza, iandikwe kwa Kinyarwanda, kwa sababu mzee wa mudugudu na watu wa akagari wataisoma bila kukuuliza maana. Wasiojua kuandika wanaweka kidole, na shahidi anasoma kwa sauti kabla wino haujagusa.

Kuhusu pesa za mbele: wengi wetu tumezoea garanti ya Bukavu, unalipa miezi sita na zaidi. Hata kwetu, sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 iliweka kwamba garanti ya nyumba ya kukaa isizidi kodi ya miezi mitatu. Huku jitahidi utangulize miezi michache kadiri mtakavyokubaliana. Pesa ambayo bado iko mfukoni mwako ndiyo inayomfanya mwenye nyumba apokee simu.

Tumrudie sasa mama wa Butare, ambaye ameshalipa na ameshalowa.

Mama, siku ya kwanza usiende ukiwa na hasira ya usiku wa mvua. Subiri asubuhi. Piga picha: kitanda kilicholowa, sufuria yenye maji, ukuta. Kama simu yako ni ya tochi tu, muombe kijana wa jirani mwenye simu ya picha, akutunzie. Mwite jirani mmoja, mwenyeji ikiwezekana, aingie aone kwa macho yake. Kisha mwite fundi akadirie: mabati mangapi, misumari kiasi gani, mfuko wa sima au nusu, na mkono wake ni bei gani. Ukimwendea mwenye nyumba na kilio tu, atakupa pole. Ukimwendea na hesabu, itambidi akujibu.

Nenda kwake wakati ametulia. Usimkute baani na wenzake, wala mbele ya mkwe wake. Mtu akiaibishwa mbele ya watu anatetea sura yake, nyumba anaisahau. Anza kwa salamu zote, huku salamu haikatwi. Halafu sema kwa upole lakini kamilisha neno: "Mzee, nyumba yako inaharibika. Maji yanaingia chumba cha watoto na ukuta wa nyuma umeanza kulowa. Ukiachwa hadi Novemba utaanguka, na kuujenga upya ni ghali kuliko mabati mawili. Fundi amehesabu hivi. Utaweza lini?" Umesikia? Umeanza na nyumba yake, siyo na shida yako. Wengine wataona huko ni kujidhalilisha. Mimi naona ni kumwonyesha faida yake ilipo, kwa sababu kweli ipo. Na kama Kinyarwanda chako ni kidogo, shika sentensi hii moja: "Igisenge kirava, ndasaba ko mugisana." Paa linavuja, naomba mlitengeneze.

Usiondoke bila tarehe. "Nitaona" siyo tarehe. "Mvua ikipungua" siyo tarehe. Akisema wiki mbili, mwambie: "Sawa mzee, tuandike tusisahau." Maandishi yanaweza kuwa mafupi namna hii:

"Mimi, mpangaji wa vyumba viwili vya mzee huyu, nilimweleza tarehe 4 kwamba paa la chumba cha kulala linavuja mahali pawili na ukuta wa nyuma umelowa. Tumekubaliana atatengeneza kabla ya tarehe 18. Akikosa nafasi, nitanunua bati na misumari, nitamlipa fundi, na fedha hizo zitatolewa kwenye kodi zinazofuata. Sahihi ya mpangaji, sahihi ya mwenye nyumba, sahihi ya shahidi."

Akikataa kuandika, mtumie maneno hayo hayo kwa ujumbe wa simu, jioni ile ile, kwa adabu: "Mzee, nashukuru kwa mazungumzo ya leo, tumesema utatengeneza kabla ya tarehe 18." Ujumbe huo usiufute. Mtu akinyamaza juu ya ujumbe kama huo, kesho ni vigumu aseme hamkuwahi kuongea.

Hilo la kukata kwenye kodi ndilo linalosaidia zaidi kwa mwenye nyumba asiye na pesa mkononi, lakini ndilo pia linaloleta vita likifanywa kienyeji. Tuseme kodi ni 15,000 na matengenezo yametoka 24,000. Natoa mfano tu, bei za soko la Kamembe zinabadilika. Mkiwa mmekubaliana kwa maandishi, unaweza kukata 12,000 mwezi wa kwanza na 12,000 mwezi wa pili, kila mwezi ukimpa 3,000 iliyobaki, na kila mara anaandika amepokea. Weka risiti ya mabati. Muombe fundi aandike alicholipwa. Bila kukubaliana, usikate hata faranga moja. Na usiache kulipa kodi kimya kimya eti umkomeshe. Najua inauma kulipia chumba kinachonyesha. Lakini siku unayoacha kulipa, habari haiwi tena paa lake, inakuwa deni lako, na mbele ya akagari wewe ndiye utakayeulizwa kwanza. Lipa, tena lipa kwa njia inayoacha alama. Ukituma kwa MoMo, ujumbe wa simu ni risiti yako. Ukitoa mkononi, muombe atie sahihi kwenye daftari.

Sasa, tarehe 18 imefika, hakuna bati, hakuna fundi, na simu haipokelewi. Mlango wa kwanza ni mkuu wa mudugudu. Anamjua mwenye nyumba, labda walisoma pamoja, na hilo lisikuogopeshe. Mara nyingi neno moja la mkuu wa mudugudu baada ya umuganda linamaliza jambo lililoshindikana miezi miwili. Ndiyo sababu nawaambia wote waliopanga nje: nenda umuganda. Jumamosi ya mwisho wa mwezi shika jembe na wenyeji. Siku ukiwa na shida, hutajitambulisha upya.

Ikishindikana hapo, panda akagari. Mweleze katibu mtendaji kwamba unataka kupeleka jambo lako kwa abunzi. Abunzi ni wapatanishi waliochaguliwa na wananchi kwa uadilifu wao. Sheria ya 2016 iliweka saba kwa kila akagari, na shauri linasikilizwa na watatu. Mkishindwa kukubaliana juu ya hao watatu, wewe unachagua mmoja, mwenye nyumba mmoja, na hao wawili wanamchagua wa tatu. Hulipi kitu. Huhitaji wakili, na unaweza kueleza kwa mdomo, wataandika. Wanashughulikia magomvi madogo ya mali na makubaliano kati ya watu, na gomvi la mabati mawili haliwezi kuwa kubwa kwao. Lengo lao la kwanza ni mpatane. Usiporidhika na walichoamua, kuna abunzi wa umurenge, na baada yao korti ya msingi, lakini usikae na uamuzi mkononi miezi, kuna muda wa kukata rufaa.

Kama unaona jambo ni zito, labda amekufungia nje au amechukua vitu vyako, kuna MAJ, nyumba ya msaada wa sheria ya Wizara ya Haki. Iko katika kila wilaya, na kwa watu wa Rusizi ni Kamembe. Ushauri ni bure. Kambini pia kuna watu wa msaada wa sheria kupitia UNHCR, na ofisi ya MINEMA. Hata kama umepanga nje, bado wewe ni mtu wao, waulize.

Na hili nalisema taratibu. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kung'oa mlango, kuezua mabati juu yako, wala kutupa vyombo vyako barabarani kwa sababu umelalamika. Kumtoa mtu kwa nguvu kunahitaji hukumu, na hukumu inatekelezwa na wale sheria iliowapa kazi hiyo, siyo na watoto wake wenye misuli.

Dada zangu na mama zangu, kuna wenye nyumba wanaosema: "Paa nitatengeneza, na kodi nitasamehe, lakini uje jioni tuongee." Mnajua jioni hiyo ni ipi. Huyo ameacha mambo ya nyumba, ameingia katika kosa la jinai. Huhitaji kumvumilia kwa ajili ya watoto kupata pa kulala. Nambari ya RIB ni 166, simu haina malipo, na Isange One Stop Centre ziko kwenye hospitali za wilaya. Mwambie pia mtu mmoja unayemwamini siku hiyo hiyo.

[Muziki mfupi]

Kuna wakati ambapo karatasi, abunzi na tarehe 18 vinawekwa kando. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua iliua watu zaidi ya 130 katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini, Rutsiro, Karongi, Rubavu, Ngororero na kwingine. Wengi walikuwa wamelala, nyumba zikawaangukia. Nyumba haikutumii barua, lakini ina lugha yake. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri, ghafla unakwama. Ufa uliokuwa wa unywele, leo unaingia sarafu. Ukuta unatoa tumbo. Udongo wa mlimani nyuma unaanza kudondoka vipande vipande, au maji ya chemchemi yanatokea mahali ambapo hayakuwepo. Ukiona mojawapo ya hayo na mvua inaendelea, usilale humo. Beba watoto, beba vitambulisho, nenda kwa jirani, kanisani, shuleni, popote penye msingi. Kodi uliyotanguliza itadaiwa kesho. Mjulishe mkuu wa mudugudu usiku huo huo, kwa sababu nyumba ya jirani huenda iko kwenye mlima ule ule.

Wa kambini msiseme haya hayawahusu. Nyumba zenu hazina mwenye nyumba wa kumbishia mlango, lakini mlima ni ule ule. Gihembe ilifungwa 2021 kwa sababu makorongo yalikuwa yakila kambi, na ndugu zetu wakahamishiwa Mahama. Ukuta ukilegea Kiziba, usiusubiri. Mwambie kiongozi wa kwartie aandike, na wewe kaa na nakala au picha, kama vile ungemfanyia mwenye nyumba. Na mfereji wa nyuma ya nyumba hauhitaji shirika. Jembe moja na nusu siku vinatosha kuugeuza.

Mama wa Butare, swali lako la mwisho lilikuwa kama ununue turubai ulitandaze juu ya paa wakati ukisubiri. Nunua kama unaweza, lifungwe kwa kamba na mawe, lisipigiliwe misumari mipya juu ya mabati, maana kila msumari ni tundu jingine na mwenye nyumba atasema umetoboa wewe. Piga picha ya mabati kabla ya kulifunika. Kitanda cha watoto kihamishie ukuta wa ndani, mbali na ule uliolowa. Na mtoto anayekohoa wiki tatu usimngojeshe paa: mpeleke santeri kesho asubuhi, waangalie kifua.

Wiki ijayo tutazungumza na wanaohama: unafanyaje ili upewe kodi ya miezi ambayo hukuikaa. Kama umewahi kuidai ukaipata, tuletee ujumbe wa sauti kupitia wahamasishaji wetu kambini. Jina lako tutaliacha ukitaka.

[Muziki wa kufunga]